Jamhuri Dhidi ya Mtani

Siku jalada la Gaudens Gama lilipotua mezani kwangu, nilikuwa na miaka mitatu sijashindwa kesi hata moja. Msinipigie makofi. Katika mji wetu wa Ihemelo hakuna wakili wa serikali aliyekuwa anashindwa, hata yule mwenzetu mmoja aliyekuwa akisinzia katikati ya maelezo yake mwenyewe. Jicho ndilo lilikuwa linatushindia.

Jicho la Amani ni shanga. Nyeusi, ndogo kuliko punje ya mtama, zimebandikwa kwenye nguzo za taa, vizingiti vya maduka, malango ya makaburi, na moja ilikuwa juu ya meza yangu. Zinaona na kusikia, na zinahesabu mapigo ya moyo wako ukiwa upande wa pili wa barabara. Zikiona kosa, Jicho linaandika hati ya mashtaka lenyewe, linatuma polisi lenyewe, kisha chini kabisa linaweka namba moja: kipimo cha nia. Kipimo kikivuka tisini na tano, sheria ilisema mahakama isisikilize shahidi mwingine, na mshtakiwa hana haja ya wakili. Kazi yangu ilikuwa kusimama, kusoma namba na kukaa. Mtaani watu waliliita Mama Mkwe, kwa kuwa linaona kila kitu na halisahau. Waliliita hivyo kwa kunong'ona.

Nikafungua jalada, nikasoma.

Mshtakiwa, fundi pampu, miaka arobaini na sita. Kosa la kwanza, kuzuia maziko. La pili, kudai mali kwa vitisho. La tatu, kutishia kuua. Mshtakiwa aliruka ndani ya kaburi la marehemu Vitalis Kihwele kabla jeneza halijashushwa, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo wawili na ndoo ya ulanzi, pombe ya mianzi. Alipoamriwa kutoka alisema, "Leo mnazika wawili, na wa pili ni huyu mjane!" Kipimo cha nia: tisini na nane. Adhabu inayopendekezwa: miaka mitano kwenye mashamba ya chumvi ya Ziwa Kavu.

Kicheko kikanitoka. Nikakigeuza kikohozi haraka, maana ile shanga ilikuwa pale juu inanitazama.

Mimi naitwa Desideria Kikoti, Mhehe wa baba na mama. Gama ni Mngoni. Mngoni na Mhehe ni watani tangu enzi za mababu waliopigana vita mpaka wakachoka, wakaamua kwamba badala ya kuuana watakuwa wanatukanana tu, kizazi hata kizazi. Mtani akija kwako anachukua kuku wako mbele ya macho yako na huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuharibu msiba. Anadai, anatukana, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, analala kaburini, mpaka wafiwa wacheke. Hiyo ni kazi yake, na ni kazi nzito.

Sasa mtauliza, kwa nini Jicho halikujua? Tulilikataza sisi wenyewe. Lilipoundwa, sheria ilisema lisiambiwe kabila la mtu yeyote, lisije likawabagua watu. Sheria nzuri kabisa, naitetea mpaka leo. Ila likazaliwa halijui utani ni nini. Kwa miaka sita watu wakaanza kuuogopa utani wao. Misiba ikapoa. Watani wakawa wanakuja, wanasaini daftari la rambirambi, wanaondoka.

Na mimi, Mhehe mzima, nilikuwa naona tisini na nane nasema tisini na nane. Nikaweka alama ya kupeleka shauri mahakamani Alhamisi, nikaenda kunywa chai.

*

Niliporudi nilimkuta mwanamke wa makamo amekaa kwenye kiti cha wageni, kaniki mabegani, mkoba mapajani. Nilimjua kwa picha. Alikuwa kwenye majalada yangu mawili. Ofisi yetu ilikuwa na watu wachache, kwa hiyo wakili mmoja alibeba jinai na madai pamoja. Kwenye trei nyekundu, ya jinai, Bi. Skolastika Nyenza, mjane wa Kihwele, alikuwa mwathirika ambaye Jamhuri inamtetea. Kwenye trei ya kijani, ya madai, alikuwa ameishtaki Jamhuri hiyo hiyo kwa kumharibia maziko ya mumewe. Nilitakiwa nimtetee Alhamisi na nimpinge Ijumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtani wangu mmemweka wapi?"

"Yuko mahabusu, mama. Anaendelea vizuri."

"Anaendeleaje vizuri na mmemtoa kaburini kwa mitutu? Polisi sita! Wamemburuta mbele ya jeneza, koti lake limejaa udongo. Baada ya hapo nani aseme neno? Padri kaharakisha, watu wamefukia, wameondoka wanatazama chini. Vitalis wangu kazikwa kimya kama mtu asiye na kwao."

Nilimsogezea kitambaa. Hakukichukua. Nikaona bora nifanye kazi yangu, nikamgeuzia kioo cha jalada.

"Mama, Jicho linaandika kwamba uliogopa sana. Tazama. Moyo mia na thelathini kwa dakika. Machozi. Mwili unatetemeka. Umeshika mti usianguke."

Alitazama kioo, akanitazama mimi, akarudia kioo.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nacheka."

Nikakigeuza kioo upande wangu, nikaitazama picha upya.

"Vitalis ameumwa miezi minne. Miezi minne sijacheka, hata kutabasamu nilisahau. Siku ile nilikuwa nimekauka, sijui nalia, sijui silii. Mara namwona Gama kajitupa mle ndani na suti yake ya kanisani! Anapiga kelele kwamba shimo linambana kiuno, eti Wahehe hata kuchimba hatujui, tungewaita Wangoni watuchimbie. Weee! Nilicheka mpaka nikashika mti. Kisha machozi ndiyo yakaja, ya kweli. Ndiyo kwanza nilianza kumlilia mume wangu, na nyie mkaja."

Alifuta uso kwa ncha ya kaniki.

"Gama alimwahidi Vitalis kitandani. Alimwambia, ukitangulia nitakulalia kaburi, Mama Mkwe wa serikali apende asipende. Kaja akijua. Na wewe unaitwa Kikoti. Kikoti wa wapi huyo asiyejua utani?"

"Naujua, mama."

"Sasa?"

Nikatazama karatasi. Akauliza tena, safari hii taratibu.

"Huyu ndiye wa kwanza?"

Niwe mkweli, swali hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa sijawahi kujiuliza. Alipoondoka nilifunga mlango nikavuta majalada yote niliyowahi kushinda. Sikuweza kutafuta kwa kabila, hayakuandikwa. Nikatafuta kwa kitu kingine: kesi ambazo mwathirika aliomba kusema akazuiwa. Zilikuwa kumi na saba.

Ya kwanza kabisa ilikuwa ya Wendelin Komba, aliyempokonya bwana harusi kofia mbele ya wageni akakataa kuirudisha mpaka apewe mguu wa mbuzi. Unyang'anyi, kipimo tisini na sita, miaka mitano. Nikakumbuka yule bwana harusi alivyosimama mahakamani mkono juu, anataka kusema. Aliyeinuka kumzuia ni mimi. "Mheshimiwa," nilisema, "sheria haimhitaji." Nilikuwa na joho jipya siku hiyo, na nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Nikayabeba majalada yote kumi na saba, nikaenda kwa bosi wangu.

*

Mfawidhi wa ofisi yetu, Bwana Stanslaus Mlowe, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Ni mtu mwema, msije mkamchukia. Alikuwa amechoka tu, na wiki ile tume kutoka makao makuu ilikuwa inakuja kuamua kama Jicho lipelekwe nchi nzima.

"Desi, hili dogo," alisema. "Hati ya mashtaka haijasomwa. Kabla haijasomwa, wakili wa serikali ana ruhusa ya kuiondoa. Andika kasoro ya jalada. Kesho Gama anakula ugali kwake, mjane anafuta madai yake, na tume inakuja inakuta kuko shwari."

"Na wale kumi na saba?"

"Wale wameshahukumiwa. Ukitaka kuwafungua, lazima uthibitishe mbele ya jaji kwamba kipimo chenyewe kinakosea. Na kwa hilo unahitaji shauri lililo hai. Una moja tu."

"La Gama."

"La Gama. Likishasomwa haliondoleki tena. Ukishindwa kuthibitisha, anakwenda chumvini miaka mitano, na wewe ndiye utakayekuwa umempeleka, ukiwa ulishikilia ufunguo wa kumtoa." Alivua miwani. "Mimi siwezi kukuamulia. Ila mtoe huyu mmoja, mwanangu. Mmoja wa hakika."

Jamani, nilitamani kumtii. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Mmoja wa hakika, au kumi na wanane wa kubahatisha, na maisha yanayowekwa rehani si yangu. Nilizunguka ofisini mpaka nikajichosha. Mwishowe nikaona nafanya tena lile lile nililolifanya kwa Komba, naamua habari za mtu bila kumsikiliza mwenyewe. Nikachukua mkoba nikaenda mahabusu.

Gama alikuwa jitu la watu, bega kama mlango, bado yuko na suruali ile ile yenye udongo. Nilimweleza kila kitu, pamoja na wale kumi na saba, pamoja na kwamba ni mimi niliyewafunga. Sikuficha.

Alishika nondo za mahabusu. Akauliza, "Nikisema nataka kwenda nyumbani?"

"Kesho asubuhi unatoka. Sitakulaumu, na hakuna atakayejua."

"Nina watoto wanne, wakili."

"Najua."

"Huko chumvini, huyo Komba ana muda gani?"

"Miaka mitatu imepita. Bado miwili."

Alikuna ndevu. Kisha nikaona shavu lake moja linapanda.

"Wewe ni Mhehe?"

"Mhehe."

"Ndiyo maana umechukua miaka mitatu kuelewa kitu ambacho mbuzi angeelewa kwa siku moja." Akanyoosha mkono kupitia nondo, tukashikana. "Nilimlalia Vitalis kaburi mbele ya Mama Mkwe. Siwezi kulala nusu. Isome hati yako."

*

Alhamisi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Wajumbe watatu wa tume walikaa mstari wa mbele na vitambulisho shingoni. Bwana Mlowe alikaa nyuma yao, rangi imemtoka. Juu ya kiti cha jaji palikuwa na shanga kubwa kuliko zote, pamoja na kipaza sauti chake.

Jaji Filotea Mbano aliingia, tukasimama. Ni mwanamke mfupi, mkavu, anayeogopwa na mawakili wa kanda nzima. Kwa miaka mitatu niliyosimama mbele yake sikuwahi kumwona akitabasamu. Nilikuwa najua jambo moja tu juu yake ambalo halikuandikwa popote. Mbano ni ukoo wa Kingoni.

Nikasoma hati. Nilipofika neno la mwisho nilijua mlango umefungwa nyuma ya Gama.

"Kipimo cha nia?" jaji aliuliza.

"Tisini na nane, Mheshimiwa. Na Jamhuri inaomba, chini ya kifungu cha kumi na mbili, Jicho lirudie kipimo hapa hapa mbele ya mahakama."

Kifungu hicho kiliwekwa ili wageni waonyeshwe maajabu. Wajumbe wa tume walitabasamu, wakaegemea viti. Jaji alikubali. Nikaomba Bi. Skolastika asogee mbele ya kizimba, nikawaambia wote wawili, "Salimianeni kama mnavyosalimianaga."

Gama alitazama mbao za sakafu. Mjane alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Miaka sita ya kunong'ona haitoki mara moja. Mungu wangu, nimemuuza mtu huyu.

Ndipo Bi. Skolastika akasema, sauti ndogo, "We Mngoni. Hiyo suruali hujafua?"

"Nifue kwa maji gani? Hata jogoo wangu wawili hamjanipa! Ndoo ya ulanzi iko wapi?"

"Ulanzi ungekufaa nini, wewe ambaye ukinusa kizibo tu unalala kwenye mitaro!"

"Mitaro mliyochimba nyinyi? Si ndiyo ile inayobana kiuno!"

Mtu mmoja dirishani alicheka, akajiziba mdomo. Lakini wawili wale walikuwa wameshafunguka. Mjane alikuwa amesogea hadi kwenye kizimba, kidole usoni mwa Gama, akasema, "Toka humo nikutie mimi mwenyewe shimoni, nikufukie, nipande na mahindi juu!"

Kipaza sauti kikalia. Jicho lina sauti laini ya kike, yenye adabu.

"Jalada jipya limefunguliwa. Kutishia kuua. Mshukiwa, Skolastika Nyenza. Kipimo cha nia, tisini na saba."

Mahakama ililipuka. Karani aligonga meza, naye anacheka machozi. Mjumbe mmoja wa tume hakuegemea tena.

"Kimya!" Jaji Mbano hakucheka. "Wakili Kikoti, inawezekana mashine imepima sawasawa. Inawezekana hawa wawili wana chuki. Mahakama itajuaje?"

Swali hilo nililitegemea, na ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Nikamtazama jaji usoni.

"Mahakama inajua, Mheshimiwa, kwa sababu mahakama ni Mngoni. Na nashangaa sana. Sikujua kwamba Wangoni siku hizi wameacha kuvaa ngozi wakajifunza kuvaa joho."

Bwana Mlowe alifunika uso kwa viganja.

"Jalada jipya limefunguliwa," likasema Jicho. "Kudharau mahakama. Mshukiwa, Desideria Kikoti. Kipimo cha nia, tisini na tisa."

Jaji alivua miwani. Akaipangusa taratibu, akaivaa. Aliinama mbele juu ya meza yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu niliona meno yake.

"Mhehe," alisema. "Babu zangu waliwafukuza babu zako mpaka wakajificha mapangoni na kuku wao. Leo umejileta mwenyewe. Nikitoka hapa nakufunga kamba, nakupeleka mnadani, nakuuza kwa kibaba cha ulezi. Na kama hakuna mnunuzi, nitakula wewe na ulezi wako!"

"Jalada jipya limefunguliwa. Kukusudia kuuza binadamu. Kutishia kuua. Mshukiwa, Filotea Mbano, jaji. Kipimo cha nia, tisini na tisa nukta tisa. Polisi wametumwa."

Nawaapia, polisi walikuja. Wawili, wanahema, bastola kiunoni, wakakuta ukumbi mzima umeinama kwa kicheko na jaji amenyoosha mikono yote miwili.

"Karibuni, vijana. Nikamateni."

"Mama... Mheshimiwa..." Yule wa mbele alitazama kifaa chake, akamtazama jaji. "Kwani ni utani?"

"Umesema nini, afande? Rudia kwa sauti, iingie kwenye kumbukumbu."

"Nasema ni utani tu, Mheshimiwa."

"Asante. Wewe ni shahidi wa kwanza kusikilizwa katika mahakama hii kwa miaka sita."

Watu wakapiga vigelegele. Jaji aliwaacha kidogo, kisha akainua mkono, na sura yake ikarudi ile ya siku zote. Akaniuliza Jamhuri inaomba nini, kwamba Jicho liambiwe makabila ya watu?

"Hapana, Mheshimiwa. Lisiambiwe kamwe. Tunaomba namba yake iwe ushahidi kama ushahidi mwingine, ipingwe kama mwingine, na mtu akiinua mkono mahakamani kusema kwamba alikuwa anacheka, asikilizwe."

Aliandika kwa muda mrefu, kalamu inasikika. Kisha akasoma: kipimo cha nia hakiwezi tena kuziba mdomo wa shahidi, mshtakiwa Gaudens Gama hana hatia, aachiwe sasa hivi. Bi. Skolastika alimkumbatia Gama pale pale kizimbani, na katikati ya kumkumbatia akampiga kofi la kisogo. Jicho likafungua jalada lingine. Hakuna aliyeligeukia.

Watu walianza kuinuka. Mimi nilibaki nimesimama.

"Sijamaliza, Mheshimiwa."

Watu wakakaa tena.

"Nina mashauri mengine kumi na saba. Wote wako Ziwa Kavu sasa hivi. Hakuna aliyewasikiliza wao, wala wale waliodaiwa kukosewa, na aliyezuia wasisikilizwe ni mimi. Yote niliyashinda mimi, mbele yako." Nikanyanyua jalada la juu. "Naomba mahakama iniruhusu niyashindwe."

Jaji Mbano alinitazama kwa muda. Haukuwa tena uso wa mtani.

"Na mimi ndiye niliyetia saini," alisema. "Soma la kwanza."

"Jamhuri dhidi ya Wendelin Komba."

Nilishindwa kesi ya kwanza saa tano na dakika kumi. Ya kumi na saba niliishindwa saa saba kasoro robo, koo limekauka, na Bwana Mlowe mwenyewe ndiye aliyekuwa ananipokeza majalada, anayapanga kwa tarehe. Alasiri hiyo basi la serikali liliondoka kwenda Ziwa Kavu na viti kumi na saba vitupu, na mimi nimekaa mbele na dereva. Mtu niliyemfunga kwa mdomo wangu nilitaka nimwambie kwa mdomo wangu kwamba yuko huru, na anitukane anavyotaka.